Gunia la Mwenyekiti

Habari ilisomwa kwa sauti mara tatu kabla kahawa haijachemka, na mara zote tatu msomaji alikuwa Elius, kwa sababu simu ilikuwa yake na jina lake lilikuwemo kwenye habari. Mfuko fulani wa kusaidia ubunifu darasani umetoa ruzuku kwa walimu kumi na wawili wa shule za serikali za nyanda za juu, na mmoja wao ni Mwalimu Tabea, wa shule ya msingi ya pale pale mtaani Mjimwema. Picha ilimwonyesha mwalimu ameshika hundi ya boksi yenye upana wa mlango. Pembeni, mkono wake ukiwa umeegemea hundi kana kwamba ni ndugu yake, alisimama Elius mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya shule.

"Wameniweka katikati," alisema Elius. "Angalieni vizuri. Si pembeni, katikati."

"Katikati ni hundi, mwenyekiti," alisema Manase. "Wewe uko kulia kwa hundi."

Manase alikuwa karani wa halmashauri kabla ya kustaafu, na kijiweni walimwita Waraka, maana hata ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza imeagizwa kwa barua ya tarehe ngapi. Alikaa mahali pake pa siku zote, mwisho wa banzi refu lililogeuzwa benchi, koti lake la mtumba limefungwa vifungo mpaka kidevuni. Ilikuwa Julai, saa tatu na nusu asubuhi, na ukungu wa Njombe ulikuwa bado umelalia yadi ya mbao nyuma ya kibanda. Jiko la mkaa lilikuwa katikati na miguu yote ya kijiwe ilikuwa imelielekea.

Elius mwenyewe walimwita Kilo Mia. Alikuwa dalali wa viazi, na katika miaka yake yote ya udalali hakuwahi kukutana na gunia la uzito mwingine. Anafika shambani na buti zake za mpira, anazunguka gunia mara moja, analipiga teke ubavuni, anainamisha kichwa kusikiliza, kisha anasema, "Mia." Hapo mjadala umefungwa. Gunia linaweza kuwa limejazwa mpaka mdomoni, likaongezwa kilemba cha viazi juu na kushonewa kamba mpaka likamfika mtu kifuani. Watu wengine huliita hilo lumbesa. Elius aliliita gunia.

"Mama Peace, kahawa," alisema, akisukuma kikombe. "Na kilemba chake, usinisahau."

Fidelia, mwenye kibanda, alimimina. Vikombe vyake vilikuwa vya bati jeupe lenye mstari wa bluu ndani, na wateja wote walimiminiwa hadi kwenye mstari. Elius peke yake alimiminiwa mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisahani, kisha akanywa ya kisahani kwanza na kusema hicho bado ni kikombe kimoja. Fidelia hakuwahi kumgomea. Mteja wa kahawa ni mmoja kati ya wengi, lakini mnunuzi wa viazi vyako vya Uwemba ukimuudhi, vitaota shambani. Leo kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kiunoni alikuwa amejifunga kitenge chake cha kijani chenye kuku.

"Umeumia?" Manase alimuuliza.

"Sindano ya magunia. Nimeshona vilemba ishirini tangu juzi. Leo saa nane Breki anakuja kupakia, si ndiyo baba Stanley?"

"Saa nane kamili," alisema Elius. Stanley alikuwa mwanawe mkubwa, na ni Fidelia peke yake pale aliyemwita kwa jina la mtoto. "Mimi ahadi yangu ni ahadi."

Breki alikuwa amekaa mbele yao, anapasha mikono. Jina lake la ubatizo ni Timoth, mtu wa Makambako, dereva wa Fuso iliyokuwa ikibeba viazi vya Elius kutoka Njombe kuvipeleka Makambako, ambako malori makubwa ya Dar huvichukua. Breki za Fuso hiyo zilikuwa na sifa mbaya kuliko yeye, ndiyo maana wakampa jina lake.

"Turudi kwenye ubunifu," alisema Timoth. "Hizo hela watabuni nini, bosi? Maana mimi nilivyokuwa shule, ubunifu ulikuwa ni watoto watano dawati moja na wote muandike."

"Huo haukuwa ubunifu, ulikuwa upungufu," alisema Manase. "Upungufu huwa ubunifu siku ukipata bango."

"Umeanza, Waraka," alisema Elius.

"Sijaanza, naendelea. Nimekaa halmashauri miaka thelathini na moja, nimeona ruzuku za ubunifu za kila rangi. Kwanza inakuja semina ya kuwaeleza walimu ubunifu ni nini. Halafu fulana. Halafu mgeni rasmi, na wageni waalikwa wa mgeni rasmi, na watoto wanasimama kwenye baridi tangu saa mbili wakimsubiri, wanamwimbia wimbo wenye jina lake. Ubunifu wenyewe unakuja mwisho, umechoka, unakuta chaki tu ndiyo imebaki."

"Si kila shule," alisema Elius.

"Kuna shule moja, siitaji, ilipata ruzuku ya kuchora ukuta. Ukuta unaofundisha. Wakachora jedwali la kuzidisha, rangi ya mafuta, herufi kubwa, mtu anasoma akiwa barabarani. Saba mara nane wakaandika hamsini na nne."

Timoth alicheka mpaka akasogea mbali na jiko. "Si wangefuta?"

"Ufute nini, wakati ukuta umeshazinduliwa? Umekabidhiwa rasmi, una saini, uko kwenye ripoti na picha zimepigwa. Ili kuubadilisha lazima kamati ikae, na kamati ikikaa lazima iseme nani alikosea. Ikaonekana ni rahisi zaidi kubadilisha watoto. Miaka mitatu pale saba mara nane ilikuwa hamsini na nne, ukisema hamsini na sita unachapwa."

"Huo ni uongo," alisema Elius, ingawa alikuwa anacheka.

"Uongo? Nenda kamuulize mtoto wa pale mpaka leo. Atakuuliza, unataka ya ukutani au ya kweli?"

Elius aliweka kikombe chini. Ilimuuma kidogo. Kamati za shule huitisha michango, hugombana na wazazi, husubiri barua zisizojibiwa, na kwa miaka saba ya uenyekiti hakuna aliyewahi kumweka kwenye picha. Leo amewekwa, na hawa wanaleta habari za ukuta. Aliona wivu mtupu, na akasema hivyo.

"Mna wivu. Wa kwetu ni mradi wa maana. Na saa nne hii hii Mwalimu Tabea yuko redioni na watoto, moja kwa moja kutoka shuleni. Wataeleza mradi, watanishukuru. Mwalimu kaniahidi nitatajwa kwa jina. Mama Peace, redio iko wapi? Na Peace wako yumo, amechaguliwa kusoma."

Fidelia alisimama na birika mkononi. "Peace wangu atasema redioni? Mbona hakuniambia?"

"Mambo ya mradi ni siri mpaka yazinduliwe."

"Mradi wenyewe unahusu nini?"

Hapo Elius aliitazama tena simu yake. "Viazi," alisema. "Hisabati ya viazi. Watoto wanajifunza kwa kutumia viazi."

"Kwa kuvifanyaje?" aliuliza Timoth.

"Wanavihesabu. Wanavichora. Labda wanaviimbia, mimi nitajuaje? Ubunifu huo."

"Wewe si ndiye uliyesaini fomu?"

"Fomu ilikuwa kurasa kumi na nne, Kiingereza kitupu. Kiongozi hasomi kurasa kumi na nne. Kiongozi anafungua wa mwisho, penye nafasi ya mhuri."

Manase alikohoa ndani ya kikombe chake na kujifuta ndevu. Elius alimwona, hakutilia maanani. Mzee wa watu, baridi hii.

"Lakini mchango wangu mkubwa si saini," aliendelea. "Mwalimu alisema wanahitaji gunia la viazi halisi, la kutoka kwa mnunuzi, kama linavyouzwa. Wenyeviti wengine wangetoa debe. Mimi nikaingia stoo, nikachagua lililo zuri kuliko yote, lile la msimu uliopita nililobakiza kwa mbegu. Nikaandika jina langu lote kwa rangi nyekundu, ili asije mtu mwingine akajisifia."

"Zuri kuliko yote kivipi?" Timoth aliuliza.

"Limejaa."

"Limejaa mia?"

"Mia, ndiyo."

Timoth alitazama mkaa. "Bosi, mimi sikusomea hisabati ya viazi. Lakini wiki iliyopita nimepakia magunia yako sitini. Karatasi uliyonipa inasema tani sita. Nimepanda mizani ya Makambako, mizani inasema tani nane na nusu, na hapo nimeshatoa uzito wa gari na wangu mimi. Yule dada wa mizani ananiuliza, kijana umebeba nini? Nikamwambia viazi. Akasema, viazi na nani?"

"Matope ya barabarani. Yanaganda kwenye gari."

"Julai, bosi? Vumbi lenyewe linatafutwa."

"Basi ni umande," alisema Elius, na kijiwe kikacheka, naye akacheka nao, kwa sababu utani wa Breki hauna madhara. Madereva hulalamikia mzigo tangu gari lianze kuwepo. Fidelia hakucheka. Alikuwa anaigeuza redio yake ndogo huku na huku kutafuta mahali isikike vizuri, akaiweka juu ya gunia la mkaa lililokuwa mlangoni.

"Ongeza sauti," alisema Elius. "Na msiongee. Mkiongea sitasikia jina langu."

Mtangazaji alianza kwa kusifia ruzuku, akasifia ubunifu, akasifia baridi. Akamkaribisha Mwalimu Tabea, naye mwalimu, kwa sauti yake ya upole inayofanya wazazi wakubali michango kabla hawajaelewa, akasema mradi huu unaitwa Hisabati ya Nyumbani, na kwamba asingependa kuueleza yeye, wataueleza wenye mradi.

"Shikamooni wasikilizaji," ilisema sauti ndogo.

"Marahaba mwanangu," alisema Fidelia kwenye redio, akashika mdomo.

"Naitwa Peace, niko darasa la sita. Ruzuku yetu tumenunua mizani. Kwanza tunapenda kumshukuru mwenyekiti wetu wa kamati ya shule, mzee Elius, aliyetupatia gunia la viazi."

Elius alinyoosha kidole juu, akawatazama mmoja mmoja, asimwache hata mmoja. Alijisikia vizuri sana. Alitamani marehemu mama yake angekuwa hai asikie.

"Kabla ya kupima," iliendelea sauti, "mwalimu alituambia kila mtu aandike makadirio. Wote arobaini na sita tuliandika kilo mia, kwa sababu nyumbani kwetu wote gunia ni mia. Halafu tukalipandisha kwenye mizani. Tulilinyanyua watu tisa. Mizani ikasema mia na arobaini na tatu."

Kidole cha Elius kilikuwa bado kiko juu. Alikishusha taratibu, akakiweka kwenye goti.

"Mwalimu akasema tusiwe na haraka, labda mizani ni mbovu. Tukampima mwalimu mkuu. Akatoka themanini na moja, akasema ndivyo walivyomwambia hospitali juzi. Basi tukajua mizani ni nzima. Tukapima tena gunia. Mia na arobaini na tatu."

"Hongereni," alisema mtangazaji, ambaye ni wazi alikuwa mtu wa kuja na hakujua ameshika nini. "Sasa hiyo inawafundisha nini?"

"Inatufundisha kutoa na kuzidisha. Arobaini na tatu mara kumi ni mia nne na thelathini. Kwa hiyo mkulima akiuza magunia kumi, kuna mengine manne yanapita bila kuitwa jina, na debe zaidi. Tukauliza hayo manne ni ya nani. Mwalimu akasema hilo si swali la hisabati, tuwaulize wazazi."

"Na gunia hili limetoka shamba la nani, mnajua?"

"Ndiyo. Juu limeandikwa Elius kwa rangi nyekundu. Lakini chini lina kiraka cha kitenge cha kijani chenye kuku. Mimi nakijua hicho kiraka, kwa sababu nilikuwa nashika kitambaa wakati mama anashona."

Hakuna aliyemtazama Fidelia, na hakuna aliyeacha kutazama kitenge chake. Mtangazaji aliweka wimbo. Manase alinyoosha mkono akazima redio, kwa heshima, kama mtu anayezima taa ya chumba chenye mgonjwa.

Elius alijua anatakiwa aseme kitu, na akajua kwamba kitu chochote atakachosema kitakuwa kibaya. Akasema.

"Watoto hawa. Gunia likikaa stoo huvuta unyevu, ndiyo maana."

"Kilo arobaini na tatu za unyevu," alisema Timoth. "Hiyo ingekuwa supu, bosi."

"Mama Peace, wewe unanijua," alisema Elius. "Biashara ndivyo ilivyo. Wanunuzi wa Dar hawaligusi gunia lisilo na kilemba. Nisipowapelekea lumbesa wanakwenda kwa dalali mwingine. Mimi niko katikati tu."

"Kama kwenye picha," alisema Manase.

Fidelia alikuwa ameweka birika chini. Hakupaza sauti, na Elius akatamani angepaza.

"Msimu uliopita nilikuuzia magunia ishirini," alisema. "Mtoto amesema kumi yana manne. Basi yangu yalikuwa na manane. Manane, baba Stanley. Kila mwaka nasema mwaka huu naezeka chumba cha nyuma, na kila mwaka mabati hayatoshi. Nikiwa shambani naona viazi vingi, vikifika kwako vinakuwa vichache. Unajua nilidhani nini?"

Elius alitikisa kichwa.

"Nilidhani shamba langu halina baraka. Nilikwenda misheni nikamwomba padri aje alibariki. Mzee wa watu akapanda baiskeli, akaja Uwemba yote ile mpaka kwangu, akanyunyizia maji matuta yote, mvua inamnyeshea. Shamba halina kosa lolote. Padri amelowa bure."

Timoth aliinama akageuza mkaa jikoni.

"Na kilemba nashona mwenyewe," aliendelea Fidelia, akitazama kidole chake. "Hilo ndilo linanikasirisha zaidi. Sindano yangu, kamba yangu, mkono wangu. Wewe ulipiga teke tu."

Elius aliona aibu. Si ile ya kucheka nayo ya kijiweni. Alikumbuka kila gunia alilolipiga teke kule Uwemba, na jinsi Fidelia alivyokuwa akisimama pembeni akisubiri aseme, ameshika mikono kifuani kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Na kila mara alijua. Mguu wake ulijua. Gunia la mia ukilipiga teke linasogea. Yale hayakuwahi kusogea.

"Lakini lumbesa si ilishapigwa marufuku?" Timoth alimuuliza Manase, labda ili mtu yeyote aseme chochote.

"Miaka mingi. Tangazo nililibandika mimi mwenyewe pale sokoni, kwa gundi ya ofisi. Kesho yake nikanunua maandazi, yakafungwa ndani ya tangazo lile lile."

"Basi yameisha," alisema Elius, akainuka na kujikung'uta koti. "Watoto wamejifunza, ruzuku imefanya kazi, tuwapongeze. Mama Peace, mzigo wa leo tutaongea, mimi na wewe, taratibu, bila redio."

"Kaa, mwenyekiti," alisema Manase. "Kuna ukurasa wa kumi na moja."

"Ukurasa gani?"

"Wa fomu. Mimi ndiye niliyemsaidia Mwalimu Tabea kuijaza. Kiingereza cha ofisini ndicho nilichobaki nacho uzeeni." Manase aliingiza mkono ndani ya koti, kwenye mfuko ambao kijiwe kizima kilijua kuwa una nakala za kila kitu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Wafadhili hawataki mradi unaoishia darasani. Wanataka ufike kwa jamii. Kwa hiyo tukaandika, nakutafsiria: kila msimu wa mavuno mizani itatoka shuleni, wanafunzi watapima magunia ya wazazi wao shambani kabla hayajapakiwa, na mwenyekiti wa kamati ya shule atakuwepo, yeye mwenyewe, na atausoma uzito kwa sauti mbele ya wote. Chini hapa kuna saini. Na mhuri, tena umekolea vizuri."

Elius aliichukua karatasi. Kiingereza hakukielewa, lakini mhuri aliuelewa. Aliupuliza mwenyewe ukauke, siku ile.

"Ungeniambia, Manase."

"Nilikuuliza, nikusomee, mwenyekiti? Ukasema, lete nigonge, baridi hii."

"Nitafuta saini."

"Utafutaje? Imeshakabidhiwa rasmi. Ni sawa na ule ukuta." Manase alikunja karatasi yake tena, mara nne, bila haraka. "Tofauti ni kwamba hesabu ya hapa ni sahihi."

"Na wanaanza lini?" aliuliza Timoth.

"Leo. Shamba la kwanza ni la mzazi wa mwanafunzi aliyesoma redioni. Mwalimu anafika Uwemba saa nane na darasa lake na mizani yake."

"Saa nane kamili," alisema Timoth. "Ahadi ni ahadi." Alisimama, akafunga zipu ya koti, akatoa ufunguo wa Fuso. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alionekana ana furaha ya kweli. "Mama Peace, twende nikubebe kwenye kebini. Tukiwahi, nitakusaidia kufumua hivyo vilemba. Tani mbili nitakazoandikiwa nikizikuta kweli ni mbili, springi zangu zitatoa ushuhuda kanisani. Na wewe bosi utapanda, au utakuja na picha yako, Mia na Arobaini na Tatu?"

Jina lilimkaa pale pale. Elius alilisikia likikaa, kama vile vumbi linavyokaa begani, na akajua kwamba mpaka jioni litakuwa limefika Mdandu, na kesho Makambako litakuwa limemtangulia sokoni. Angeweza kukataa kwenda. Angeweza kujiuzulu uenyekiti, kuugua, kusafiri. Lakini picha ilikuwa imeshasambaa, na kwenye picha alikuwa anatabasamu.

"Nitapanda," alisema. "Nimalizie kahawa kwanza. Nimepatwa na baridi."

Alisukuma kikombe mbele. Mdomo wake ulikuwa umeshajiandaa kutamka neno lake la kila siku, kilemba, akaufunga. Fidelia alimtazama kidogo, akachukua birika, akamimina. Kahawa ilipanda taratibu mpaka kwenye mstari wa bluu, na hapo akaacha. Kisahani kilibaki kikavu.

Alikisogeza kikombe mbele ya Elius lakini hakukiachia.

"Soma," alisema.

Elius aliwatazama wengine. Manase alikuwa anaangalia vifungo vyake. Timoth alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje, hana haraka ya popote.

"Kikombe kimoja," alisema Elius.

"Sauti, mwenyekiti," alisema Fidelia. "Fomu imesema kwa sauti."

"Kikombe kimoja," alirudia, na safari hii hata mafundi wa yadi ya mbao waligeuka.